Rimoti ya Mzee

Meneja alitoa hukumu yake akiwa amesimama katikati ya sebule, waya umemning'inia mkononi.

"Mama, mtu asiyeweza kuwasha televisheni, jiko la gesi atakumbuka vipi kulizima?"

Hakuwa meneja wa kitu chochote. Alikuwa mtunza ghala katika kiwanda cha saruji, na jina hilo alipewa na baba yake akiwa na miaka sita, kwa tabia yake ya kuwapangia watu wazima mahali pa kukaa. Jina likamganda, naye akajitahidi kulistahili. Mdogo wake, mtoto wa mwisho ambaye kila mtu alimwita Kitinda, alikuwa ameegemea mlango akimsikiliza. Mama yao alikuwa kwenye cherehani, kainamisha kichwa, akitafuta uzi mweusi ndani ya kopo ambalo uzi mweusi ulikuwa juu kabisa.

"Wiki mbili nimemwekea mtambo huu," Meneja alimwambia mdogo wake, kana kwamba mama hayupo. "Tena wa bei mbaya. Kila siku simu. Mara kimegoma, mara kimezimika, mara kimeleta maandishi ya lugha sijui ya wapi. Mke wangu anaacha chungu motoni anakimbilia simu za rimoti!"

Huku akisema, alikivua kijisanduku cha televisheni kofia yake ya kijani bila hata kuitazama. Katika nyumba ile kila kitu kilikuwa na nguo. Friji ilikuwa na kilemba, redio ilikuwa na gauni, hata saa ya ukutani ilikuwa na lesi shingoni, vyote vimefumwa na mama kwa mkono wake. Kofia aliitupa kwenye kochi, kijisanduku akakitia mfukoni.

"Hiki narudi nacho kwangu. Na wewe Mama utakuja. Chumba kipo."

Chumba kilikuwepo kweli. Kilikuwa ghorofa ya nne, kando ya jiko, na kilitosha kitanda na sanduku la nguo. Cherehani isingeingia, na hata ingeingia, majirani wa chini wasingelivumilia kanyagio lake. Hapa mama alikuwa na wateja wake, wanawake wa mtaani wanaokuja kupunguziwa kiuno au kuongezewa pindo, kisha wakakaa saa nzima wakizungumza. Mzee alikuwa amefariki miezi tisa iliyopita, na tangu hapo ni wateja hao na sauti ya televisheni tu vilivyoizuia nyumba isiwe kimya. Halafu matangazo ya antena yakafungwa, watu wakaambiwa wahamie kwenye intaneti kwa vijisanduku kama kile, na televisheni ya mama ikabaki kioo cheusi.

"Gesi sijawahi kuisahau hata siku moja," mama alisema, akiuambia ule uzi.

"Bado, Mama. Bado."

Kitinda alimwona mama yake anavyozidi kuinama, na roho ikamuuma. "Kaka, nipe wiki moja. Nitamtafutia kitu rahisi. Hiki chako kina rimoti yenye vitufe arobaini na nne, hata mimi kinanitoa jasho."

"Wewe mitambo unaijulia wapi? Wewe si unafua mashuka?"

"Nafua kwa mashine, kaka."

Mama alicheka kidogo puani, kisha akajirudi. Meneja akatazama saa yake, maana bila kutazama saa hakuwahi kuamua jambo. "Haya. Jumamosi saa nne nitakuwa hapa na gari. Akiweza mwenyewe, bila simu, sina neno. Asipoweza, tunapakia." Mlangoni aligeuka, akapitisha kidole juu ya kabati, akakionyesha. "Na hili vumbi la nyuzi, Mama! Vitu hivi havitaki vumbi. Labda ndilo lililokiharibu. Kitakachokuja, kitunze."

"Nitakitunza," mama alisema.

* * *

Siku ya pili, kazi ilipoisha, Kitinda aliingia katika duka la vifaa vya umeme akiwa bado na ndala za kufulia miguuni. Muuzaji, bwana mmoja wa makamo mwenye tai fupi, alizitazama ndala kwanza, ndipo akamtazama usoni.

"Karibu dada. Hiki ndicho kiboko yao. Kumbukumbu kubwa, picha kali, na kina michezo mia tatu ndani."

"Rimoti yake ina vitufe vingapi?"

"Vitufe?" Muuzaji alikunja uso. "Dada, watu huuliza nguvu. Wewe huulizi nguvu yake?"

"Mama yangu hapigani nacho."

Alizipanga rimoti tano juu ya meza ya kioo, akafumba macho, akaanza kuzipapasa moja moja kwa kidole gumba. Macho ya mama yake yalikuwa yamechoka. Uzi alikuwa akiutunga kwa kuhisi, na zipu alizipima kwa kucha. Kama kitufe hakijulikani kwa kidole, basi kwake hakipo.

"Jamani, njooni mwone!" muuzaji aliwaita wenzake. "Dada anachagua rimoti kafumba macho. Sijui na nyanya hununua hivyo hivyo!"

Walicheka, na wateja wawili waliokuwa kwenye foleni wakacheka nao. Uso wa Kitinda ulipata moto, lakini macho hakuyafumbua. Rimoti ya kwanza ilikuwa bapa tupu. Ya pili vitufe vilikuwa vidogo mno. Ya tano ilikuwa nene, na kitufe kimoja kikubwa cha mviringo katikati, kingo zake za kwenda juu, chini, kushoto na kulia, na chini yake kitufe cha nyumbani kilichoinuka kidogo. Basi. Hakuna kingine ila sauti na cha kuwashia.

"Hii ya kijisanduku gani?"

"Ah, hicho." Muuzaji alikitoa rafu ya chini na kukipuliza. "Hiki ni cha wazee, dada. Hakina mambo."

"Na ninayemnunulia ni mzee. Umeme ukikatika ukarudi, kinarudi wapi? Kinarudi kwenye vituo, au kinaanza kudai neno la siri?"

Muuzaji hakujua. Ikabidi akichomeke, akizime ukutani, akiwashe tena, wote wakasubiri. Kikarudi chenyewe, vituo vimepangwa mstari mmoja, picha kubwa kubwa. Wale waliokuwa wakicheka walisogea kutazama, na mwanamke mmoja kwenye foleni akauliza kama vimebaki viwili.

Pesa aliyolipa ilikuwa ya viatu. Ndala alijua zitavumilia mwezi mwingine.

* * *

Kazi ngumu haikuwa kuchomeka waya. Kazi ngumu ilikuwa kumfanya mama aishike rimoti.

Kwa miaka yote ya ndoa yake hakuwahi kuigusa. Rimoti ilikuwa ya mzee. Ilikaa kwenye mkono wa kiti cha mzee, imevishwa nailoni, na mama akitaka kitu alisema kutoka kwenye cherehani, naye mzee akaweka, akipenda. Hata sasa ile rimoti ya zamani ilikuwa pale pale kwenye mkono wa kiti, haiwashi kitu, na hakuna aliyethubutu kuiondoa.

"Niwekee wewe, kisha uende," mama alisema. "Nisije nikaharibu."

"Mama, mara ya kwanza kukaa kwenye cherehani ulijuaje?"

"Nilimtoboa kidole bibi yangu."

"Basi hapa hakuna sindano. Nipe mkono." Alikiweka kidole gumba cha mama kwenye kile kitufe kikubwa. "Hili ni gurudumu, unakwenda nalo huku na huku. Ukifika unapopataka, unabonyeza katikati. Hilo ni kanyagio. Ukipotea, hiki cha chini kilichoinuka kinakurudisha nyumbani. Hakuna kitu utakachobonyeza hapa kikavunjika."

Mama alivuta pumzi, akabonyeza. Picha ikaja. Akabonyeza nyumbani, ikaondoka. Akairudisha. Kisha akafumba macho, na kwa macho yaliyofumbwa akaenda mpaka kituo cha tatu, akarudi, akaenda tena. Alirudia mara kumi na moja, na Kitinda hakumzuia. Uso wa mama ulikuwa umechangamka kwa namna ambayo Kitinda hakuwa ameiona tangu msiba.

Katika kituo cha tatu kulikuwa na mchezo wa kuigiza. Mama mkwe mmoja alikuwa akimfukuza mke wa mwanawe.

"Kola ile imeshonwa kichwa chini," mama alisema, akimwelekezea mama mkwe rimoti. "Mwanamke mzima, anagomba na kola imepinda. Nani atamsikiliza?"

Kitinda alicheka hadi machozi yakamtoka. Aliondoka akiwa na uhakika kwamba Jumamosi Meneja atarudi na gari tupu.

* * *

Jumanne simu haikulia. Jumatano ililia Kitinda akiwa ameshika ncha mbili za shuka, na mwenzake wa kazi ameshika mbili nyingine.

"Kimezimika," mama alisema, kwa sauti ya mtu anayekiri kuvunja sahani ya jirani.

"Bonyeza nyumbani, Mama."

"Nimebonyeza."

"Umebonyeza kweli, au umegusa tu?"

Swali lilimtoka kabla hajalipima. "Nimebonyeza, mwanangu. Kinakwenda vizuri, nusu saa hivi, halafu kinazimika chenyewe. Lakini endelea na kazi, usije ukagombezwa."

Jioni ile Meneja akapiga simu, akamwita na mama, wakawa watatu kwenye mazungumzo. Habari zilikuwa zimemfikia, maana mama hakujua kuficha. "Ma-ma," alisema, akikata maneno vipande kama anayemlisha mtoto. "Ki-tu-fe. Cha. Ka-ti-ka-ti." Nyuma yake sauti ya mkewe ilisikika ikiuliza kama bado ni ile ile ya rimoti. "Kile cha kwanza kipo hapa kwangu, Kitinda, na hakijazimika hata mara moja. Hata mara moja! Unaona tatizo si mtambo?"

Simu ya mama ndiyo iliyokuwa ya kwanza kukatika.

Alhamisi mama hakupiga. Ijumaa Kitinda alimpigia yeye, saa ya chakula, akiwa amesimama kando ya mashine ya kukaushia namba nne iliyokuwa imejizima. Fundi alikuwa ameifungua na alikuwa anatoa ndani yake tandiko zima la manyoya ya mashuka, nene kama blanketi.

"Kijisanduku kinaendeleaje, Mama?"

"Kizuri. Kizuri sana."

"Habari za mchana walisemaje?"

"Walisema..." Mama alisita. "Walisema mvua itanyesha."

Nje jua lilikuwa kali, na wiki nzima lilikuwa hivyo hivyo. Mama yake hakuwa mwongo. Hata mteja akiwa amenenepa alimwambia umenenepa. Kitinda alielewa kwamba mama yuko peke yake mbele ya kioo cheusi, anajitungia habari ili asiwe mzigo kwa wanawe, na machozi yakamtoka mbele ya fundi.

"Usilie, namba nne haijafa," fundi alimwambia, akimwelewa vibaya. "Ilizibwa pumzi tu. Ikikosa hewa hujizima, isije ikaungua. Saa hizi inawaka."

* * *

Jumamosi saa nne kasoro dakika tano gari lilisimama nje. Kitinda alikuwa ametangulia. Alimkuta mama amekwisha kuivua nyumba nguo: kilemba cha friji, gauni la redio, lesi ya saa, vyote vimekunjwa na kupangwa kitandani. Kuta na vyombo vilionekana vya mtu mwingine.

"Mama, unafanya nini?"

"Ahadi ni ahadi. Nilijaribu, mwanangu." Alikuwa anakunja huku akisema, bila kumtazama. "Pengine kaka yako anasema kweli. Pengine mikono hii sasa ni ya kukunja tu."

Meneja aliingia na maboksi matatu makubwa. Tuseme kweli: hakuwa na furaha. Aliyaweka chini polepole, akakiangalia kiti cha baba yake, akakohoa. "Cherehani tutaitafutia mtu mwema, Mama. Mtu atakayeitunza."

Mama aliitikia kwa kichwa. Mkono wake ulikuwa juu ya gurudumu la cherehani, na haukutoka.

"Tuanze na televisheni," Meneja alisema.

"Mama, kabla hatujang'oa," Kitinda alisema, "niwashie mara ya mwisho. Nataka nione unavyofanya."

"Nimekiwasha tangu asubuhi. Niliona nikiage. Kimeshazimika."

Kitinda akapiga magoti kwenye kabati la televisheni ili afuate waya. Waya uliingia ndani ya kitu laini cha buluu. Kilikuwa kifuko kizuri cha uzi mzito wa sufu, kimefumwa kwa mshono wa kubana, kina maua mawili mbele na kamba ya kukazia mdomoni. Katika nyumba ambayo kila kitu kina nguo, jicho lilipita juu yake bila kushtuka. Lakini leo nyumba nzima ilikuwa uchi, na hiki peke yake kilikuwa kimevaa.

Alikigusa, akautoa mkono upesi.

"Mama. Hii umeifuma lini?"

"Jumanne. Nilikesha nayo, maana uzi ule ni mgumu. Ile kofia ya kijani ya kile cha kwanza ilikuwa inaacha nafasi chini, nikaona vumbi ndipo lilipopitia. Hii nimeikaza mpaka mdomoni."

Kitinda alianza kucheka, kisha akajikuta analia, kisha yote mawili kwa pamoja. Alilegeza kamba, akakitoa kijisanduku kikiwa moto kama pasi, akakiweka juu ya sakafu baridi.

"Kimezibwa pumzi, Mama! Mashine zetu hufanya hivi hivi. Kikikosa hewa hujizima, kisiungue. Si mikono yako. Ni sweta!"

"Acha mambo yako," Meneja alisema. "Sweta?"

"Kaa chini, kaka. Kaa utazame."

Walisubiri kipoe. Mama akaketi, akashika rimoti, akabonyeza bila kuitazama. Kikawaka. Akaenda mpaka kituo cha tatu, na mama mkwe wa kola mbaya akatokea, sasa analia hospitalini. Watatu hao wakakaa wakiitazama saa ya ukutani zaidi ya walivyoitazama televisheni. Dakika kumi. Meneja alinyanyuka akaenda kubandika maji ya chai, akarudi, akaketi kwenye kiti cha baba yake. Dakika ishirini. Mke aliyefukuzwa alikuwa amekuja kumuuguza mama mkwe, na Meneja, ambaye michezo ya kuigiza aliiita upuuzi, alikuwa ameegemea mbele.

Kama dakika ya ishirini na nane hivi mama alinusa hewa, akainuka bila neno, akaenda jikoni. Kitinda alisikia kitufe cha gesi kikizungushwa. Mama akarudi, akaketi.

"Maji yalikuwa yameshakauka," alisema, basi.

Masikio ya Meneja yakabadilika rangi.

Nusu saa ikapita. Picha haikutikisika. Dakika arobaini, mchezo ukaisha, likaanza tangazo la sabuni, na mama akalitazama tangazo lile hadi mwisho kana kwamba hajawahi kuona kitu kizuri kama hicho.

"Kile cha kwanza," Meneja alisema kwa sauti ndogo. "Kofia ulikivalisha lini?"

"Siku ile ile uliyokileta."

"Na mimi nikaivua kwa mkono wangu." Aliinama, akawa anachezea ukingo wa boksi. "Mama, nisamehe. Nimekusema mbele ya mke wangu, nimekusema kwenye simu. Nisamehe."

"Uliniambia nikitunze," mama alisema. "Mimi kutunza nakujua kwa namna moja tu." Kisha, kwa kuwa alikuwa mama, na mtoto alikuwa ameinama kweli, akamgusa kichwani. "Umekonda. Mke wako mpishi mzuri, lakini tatizo unakula umesimama."

Alikichukua kile kifuko cha buluu, akatafuta mwisho wa uzi, akaanza kukifumua pale pale, akiuviringisha uzi kwenye vidole. Alisema atafuma kingine cha wavu, chenye matundu ya kupitisha kidole, kipate hewa na heshima yake ibaki. Kitinda alianza kuirudishia nyumba nguo zake. Alipofika kwenye kiti aliinua ile rimoti ya zamani yenye nailoni, akamtazama mama. Mama alifikiri kidogo, akaitikia, na Kitinda akaiweka ndani ya droo ya cherehani, pamoja na miwani ya mzee.

"Maboksi niachie," mama alimwambia Meneja. "Nitatilia vitambaa vya wateja."

Ilipofika saa saba mchezo mwingine ulikuwa umeanza, na Meneja alikuwa bado hajaondoka. Alikuwa amekunywa chai ya pili, amenyoosha miguu, ameegemea kiti cha baba yake kisawasawa. Mkono wake, kwa mazoea ya kuona tangu utotoni, ukajinyoosha wenyewe kwenye mkono wa kiti, ukapapasa, ukakuta mbao tupu. Akageuka huku na huku.

Rimoti ilikuwa mfukoni mwa aproni ya mama, ambaye alikuwa amerudi kwenye cherehani, mguu juu ya kanyagio.

"Unataka nini?" mama aliuliza.

"Mpira, Mama. Unaanza sasa hivi."

"Subiri mchezo wangu uishe," mama alisema, akaanza kushona. "Nitakuwekea, nikipenda."